Korona kwa mjamzito na afya ya kichanga: maswali ninayoulizwa kliniki

Mimi ni mkunga. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, mengine kwa ujumbe wa sauti uliotumwa saa tano usiku. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yanataka tukae kidogo.

Sista, korona si iliisha?

Kilichoisha tarehe 5 Mei 2023 ni tangazo la dharura la Shirika la Afya Duniani (WHO). Kirusi chenyewe bado kipo, kinabadilika na kupita kila mwaka, ila siku hizi wengi wetu tunakiita "mafua haya mabaya" na hatupimi. Watu wazima wengi wameshakutana nacho au wamechanjwa, kwa hiyo wengi hupona nyumbani bila shida.

Anayekutana nacho kwa mara ya kwanza ni kichanga. Takwimu za Marekani za kati ya 2022 na 2024 zilionyesha kuwa watoto wa chini ya miezi 6 walilazwa kwa korona kwa kiwango kinacholingana na wazee wa miaka 65 hadi 74. Watu wengi hawalitarajii hilo, kwa sababu tulizoea kuambiwa korona ni ugonjwa wa wazee.

Nimepimwa nina korona na mimba ina wiki 30. Mtoto naye ameshaupata?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hajaupata. Watafiti walipojumlisha tafiti nyingi za dunia, watoto waliopimwa na kukutwa na kirusi hawakufika wawili katika kila mia waliozaliwa na mama mwenye maambukizi. Na hao wachache, si wote waliambukizwa tumboni. Wengine waliupata wakati wa kuzaliwa au siku za mwanzo, kwa pumzi ya mtu aliyewabeba.

Sababu yake ni hii. Kirusi cha korona hukaa zaidi puani, kooni na mapafuni, na mara chache sana huonekana kwenye damu kwa wingi. Ili kimfikie mtoto tumboni, kwanza kiwe kwenye damu ya mama, halafu kipenye kondo la nyuma, na chembe za kondo hazina milango mingi ambayo kirusi hiki huitumia kuingilia. Kwa hiyo hakifanani na kaswende wala VVU, ambazo ndizo akina mama wengi huwa nazo kichwani wanaposikia neno "maambukizi" kliniki.

Kama hakimfikii mtoto, mbona mnatutia hofu?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe na kila mtu. Korona humdhuru mtoto kwa kupitia mwili wa mama. Mama akiugua sana, nyumba ya mtoto imeugua.

Mimba ikikua, mfuko wa uzazi husukuma kiwambo cha pumzi juu na mapafu yanabaki na nafasi ndogo, huku mwili ukidai oksijeni nyingi kuliko zamani. Damu nayo huganda kwa urahisi zaidi, kwa sababu mwili unajiandaa kuzuia kutoka damu siku ya kujifungua. Sasa lete juu ya hayo ugonjwa unaoziba mapafu na kugandisha damu. Ndiyo maana mjamzito anaweza kuonekana mzima asubuhi na jioni akahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa tano.

Utafiti mmoja mkubwa uliotolewa Aprili 2021 ulifuatilia wajawazito 706 wenye korona na 1,424 wasio nayo, katika hospitali 43 za nchi 18, zikiwemo Ghana, Nigeria na Misri. Walioambukizwa walipata zaidi presha ya mimba, ile inayotangulia kifafa cha mimba, na walijifungua kabla ya wakati kwa zaidi ya mara moja na nusu ya wenzao. Waliofariki walikuwa 11 katika lile kundi la 706. Katika kundi la pili alifariki mmoja.

Kwetu Afrika, utafiti wa hospitali za Kongo, Kenya, Uganda, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba mjamzito aliyelazwa kwa korona alikuwa na hatari ya kufa karibu mara mbili ya mwanamke aliyelazwa kwa ugonjwa huohuo bila mimba. Zingatia neno "aliyelazwa". Wengi hawakulazwa kabisa.

Kisha kuna kondo la nyuma lenyewe. Mara chache kirusi hulishambulia, na badala ya kuwa laini na lenye damu linajaa ugumu, chembe zake zinakufa, na mtoto anakosa oksijeni na chakula ingawa yeye mwenyewe hajaambukizwa. Huko Marekani, kati ya Machi 2020 na Septemba 2021, watoto waliozaliwa wafu walikuwa karibu 13 katika kila uzazi 1,000 kwa mama waliokuwa na korona, na 6 katika kila 1,000 kwa wasio nayo. Wakati wa aina kali ya kirusi iliyoitwa Delta pengo likafika mara nne. Kirusi cha leo hakina makali ya Delta. Hata hivyo, mama aliyeugua huwa namwambia jambo moja kila anapoondoka: mjue mtoto wako anavyocheza. Ukiona leo kacheza kidogo kuliko kawaida yake, kula kitu, lala ubavu wa kushoto, muhesabu. Saa mbili zikipita hujafikisha mateke kumi, njoo siku hiyohiyo. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Niliugua mimba ikiwa changa, miezi miwili. Atazaliwa na kilema?

Hapana. Tafiti hazikuonyesha ongezeko la vilema kwa watoto wa mama walioambukizwa mwanzoni mwa mimba, na kuharibika kwa mimba nako hakukuonekana kuongezeka waziwazi. Joto kali la mwili mwanzoni mwa mimba, liwe la korona au la kitu kingine, ndilo la kushushwa mapema.

Nina homa na mwili unauma. Nijuaje ni korona?

Pima malaria kwanza. Nasema hivi kwa sauti kubwa, kwa sababu mwaka 2020 na 2021 nimeona mama wakijifungia ndani wiki nzima wakiamini wana korona, kumbe ni malaria inamla mtoto uzito. Mjamzito mwenye homa katika sehemu zetu apimwe malaria, mkojo na presha, halafu ndipo tuzungumze korona. Kuna waliokutwa na vyote viwili.

Ukiwa nyumbani na dalili nyepesi: paracetamol, maji ya kutosha, kupumzika, kutembeatembea ndani ili damu isilale miguuni. Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki uliyobakiza kwenye droo. Kuanzia wiki ya 20 dawa za jamii hiyo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Vidonge vyako vya damu na dozi ya SP ya kukinga malaria viendelee kama ulivyopangiwa.

Njoo hospitali haraka kama unahema hata ukiwa umekaa, kifua kinabana, midomo imebadilika rangi, kichwa kinauma hadi macho yanaona ukungu, umevimba uso na mikono, unatokwa damu au maji, au mtoto ametulia kupita kawaida. Kile kifaa cha kupima oksijeni tunachokubana kidoleni kikisoma chini ya 95 kwa mjamzito, hatukurudishi nyumbani.

Mama mkwe ananisisitiza nipige nyungu.

Namheshimu mama mkwe wako, na mvuke wa mchaichai unafungua pua kweli. Lakini nyungu ya kujifunika blanketi zito juu ya sufuria inayochemka si ya mjamzito. Joto la mwili linapanda, presha inashuka, kizunguzungu kinakuja, na wewe uko gizani chini ya blanketi na tumbo la miezi minane.

Nilimpokea mmoja aliyeletwa na wifi yake akitembea miguu imeachana, kanga imelowa na bado inanuka mwarobaini. Sufuria ilikuwa imekaa juu ya mafiga mawili na tofali. Aliposogea kukohoa ikapinduka. Mapafu yake yalikuwa safi, alikuwa na mafua tu. Malengelenge ya paja lote yalimweka wodini siku nyingi kuliko korona ingemweka.

Ukitaka mvuke, weka maji ya moto kwenye bakuli mezani, kaa mbali kidogo, usijifunike. Na majani ya kunywa usiyoyajua vizuri yaache, maana mengine yanasukuma uchungu.

Nina korona na uchungu umeanza. Lazima nipasuliwe?

Korona peke yake si sababu ya upasuaji. Ukiwa unapumua vizuri na mtoto yuko sawa, utasukuma kama mwingine yeyote, ila na barakoa, ambayo tunaivua ukizidiwa na pumzi. Kitovu hakikatwi haraka kwa ajili ya korona. Dakika moja hadi tatu za kusubiri zinampa mtoto damu na madini ya chuma bila kumwongezea hatari. Upasuaji huja kama mama amezidiwa, au mtoto amechoka, au kwa sababu nyingine zilezile za siku zote. Uwe na mtu wa kukushika mkono: mume, dada, mama, yeyote asiye na dalili.

Watamchukua mtoto wangu wamweke mbali na mimi?

Wasimchukue, isipokuwa wewe au yeye mko mahututi.

Najua swali hili linatoka wapi. Miezi ya mwanzo ya 2020 hospitali nyingi duniani ziliwatenga watoto na mama zao kwa hofu. Nilifanya kazi mahali ambapo kichanga cha siku moja kilikaa chumba kingine siku sita, akinyweshwa maziwa ya kopo kwa kikombe, na mama yake nyuma ya ukuta akikamua maziwa kwenye kanga kwa sababu hakuna aliyekuja kuyachukua. Tulifuata maelekezo. Siku ya saba mtoto alikuwa amepungua uzito, manjano imepanda, na titi halitaki tena. Kipimo cha korona cha mtoto kilirudi hasi. Bado naikumbuka ile kanga iliyokauka kwa maziwa, imekuwa ngumu kama karatasi.

WHO ilikuwa imeshasema mama na mtoto wakae pamoja. Machi 2021 ikatoa hesabu: watoto njiti na wenye uzito mdogo wakibaki na mama zao wakapewa huduma ya kangaroo, yaani kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, maisha zaidi ya 125,000 yanaokolewa, na hatari ya vichanga hao kufa kwa korona ni vifo visivyofika 2,000. Mizani hiyo haihitaji daktari kuisoma.

Kinachotakiwa ni vitu vitatu tu: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, vaa barakoa unapomkaribia, na kitanda chake kiwe mbali kidogo na chako wakati humnyonyeshi, kama nafasi ipo. Nafasi ikikosekana, na wodi zetu tunazijua, laleni pamoja na barakoa yako. Barakoa asivalishwe mtoto. Hawezi kuivua na anaweza kukosa pumzi.

Maziwa yangu si yatakuwa na kirusi?

Watafiti wamekuta mara chache vipande vya kirusi kwenye maziwa. Kirusi kizima chenye uwezo wa kuambukiza hakijathibitika kupita humo. Kinachopatikana kwa wingi ni kinga, maana mwili wa mama aliyeugua au aliyechanjwa hutengeneza askari wa kinga na kuwamwaga kwenye maziwa. Kwa hiyo yale maziwa ya mwanzo, ya manjano mazito, ambayo bibi wengine husema ni machafu yakamuliwe, ndiyo ya kumpa ndani ya saa moja. Ukiwa hoi huwezi kukaa, yakamue, mtoto anyweshwe kwa kikombe.

Nimejifungua wiki ya 33 kwa sababu ya korona. Mtoto wangu ni mdogo kama mkate. Atapona?

Matatizo mengi ya watoto hawa ni ya unjiti: mapafu hayajakomaa, joto halishikiki, nguvu za kunyonya hazijafika. Kirusi kilifanya kazi yake ya kuharakisha uzazi, baada ya hapo tunamtunza kama njiti mwingine. Kama tulikuona mapema, ulichomwa sindano za kukomaza mapafu kabla hajatoka. Akishazaliwa, kifua chako ndicho mashine: mtoto uchi, kofia na nepi tu, ngozi kwa ngozi, amefungwa na kanga, saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye anaweza kumbeba hivyo. Mmoja alikataa kwa aibu, siku ya tatu tukawa tunambembeleza amrudishe mtoto kwa mama anyonye.

Kichanga akiwa na korona anaonekanaje?

Mara nyingi haonekani. Au pua imeziba, joto limepanda kidogo, ananyonya kwa kusitasita, anaharisha. Wengi hupona bila dawa maalumu, kwa kunyonyeshwa tu.

Lakini kwa mtoto wa chini ya miezi miwili sitaki ukae nyumbani kubahatisha, kwa sababu dalili za korona ni zilezile za maambukizi ya bakteria kwenye damu, na hayo huua kwa saa chache. Mlete kama hanyonyi, joto limefika 38 au limeshuka chini ya 35.5, anahema mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, amelegea, au amepata degedege. Kuhesabu pumzi: mvue nguo akiwa ametulia, tazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, maana pumzi ya kichanga haina mpangilio.

Wageni wa arobaini je? Nikiwakataza nitaonekana na maringo.

Hili linanisumbua kuliko kirusi chenyewe. Kwetu pwani mzazi akitoka hospitali nyumba hujaa, kila mmoja ambusu mtoto, ampulizie dua usoni. Mpe lawama mkunga. Sema "sista kakataza", nimezoea. Anayekohoa asalimie mlangoni; asiyekohoa anawe, ambebe, asimbusu usoni. Zawadi zipokelewe zote.

Mwaka 2020 vichanga vingi vilikufa kwa korona?

Vichanga vilivyokufa kwa kirusi chenyewe vilikuwa vichache. Kilichoumiza wengi ni mama kutofika hospitali. Kenya ilipoweka kafyu ya usiku tarehe 27 Machi 2020, uchungu haukufuata saa za kafyu: magari hakuna, bodaboda anaogopa polisi. Daktari mmoja kijana wa Nairobi, Jemimah Kariuki, alipoona wajawazito wanapungua wodini akaanzisha Wheels for Life, usafiri wa bure wa usiku kwa mjamzito aliyepiga simu. Mwaka 2021 WHO ilimtunuku.

Kwa hiyo panga usafiri wako mapema hata sasa, namba mbili za simu, siyo moja.

Nichanje nikiwa na mimba? Nimesikia Marekani wamekataza.

Hawajakataza. Mei 2025 waziri wao wa afya, Robert F. Kennedy Jr., alitangaza kuiondoa chanjo hiyo kwenye mapendekezo ya wajawazito wenye afya njema. Chama cha madaktari wa uzazi cha hukohuko kikabaki palepale, kikiwashauri wajawazito wachanje. Ndugu zetu walioko huko wazungumze na daktari wao wa kliniki, siyo kundi la familia la WhatsApp.

Msimamo wa WHO tangu Novemba 2023 ni dozi moja katika kila ujauzito, na wakati mzuri zaidi ni katikati ya mimba. Faida ya mtoto ni dhahiri: chanjo hii haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwa hiyo kinga pekee anayoweza kuwa nayo ni ile aliyopitishiwa na mama kwenye kondo na kwenye maziwa. Utafiti wa hospitali za Marekani ulikuta vichanga ambao mama zao walichanjwa wakati wa mimba walilazwa kwa korona kwa pungufu la karibu nusu. Chanjo hizi hazina kirusi hai cha korona, na haziharibu kizazi. Maneno hayo ya kizazi niliyasikia pia kuhusu pepopunda, na watoto wa waliochanjwa pepopunda leo ndio wanaokuja kujifungua kwangu. Dozi hazipo kila kituo. Uliza kwenye kliniki yako.

Mtoto wangu alizaliwa nina korona, sasa ana mwaka na hajatembea. Ndiyo sababu?

Mwaka mmoja bila kutembea bado ni kawaida kwa watoto wengi. Utafiti wa New York uliotolewa Januari 2022 ulipima watoto 255 wakiwa na miezi 6. Waliozaliwa wakati wa janga walikuwa nyuma kidogo kwa misuli na kuchangamana na watu wakilinganishwa na waliozaliwa kabla, lakini hapakuwa na tofauti kati ya ambao mama zao waliambukizwa na ambao hawakuambukizwa. Msongo wa mama ulitajwa kuwa huenda ndio chanzo. Tafiti nyingine zimekuta tofauti ndogo, kwa hiyo watoto hawa wanaendelea kufuatiliwa. Kama alizaliwa njiti, toa zile wiki alizowahi kabla ya kumlinganisha na wa jirani. Asiposhika shingo kwa miezi minne au asipokaa kwa tisa, mlete.

Chanjo zake zisubiri nipone?

Ile ya kifua kikuu na matone ya polio apewe kabla hamjaondoka. Za wiki ya sita, kama wewe bado unakohoa, amlete bibi au baba, na kadi.